Uliza Ujibiwe: Nyumba imepigwa X nyekundu, nianzie ofisi gani?

Wasomaji wetu salaam. Mwezi huu meseji na barua zimeingia nyingi mpaka simu ya ofisi ikaanza kukataa, na karibu zote zinazungumzia mazingira. Nadhani ni hizi mvua. Hapa Uganda mvua ikishanyesha siku tatu ndio watu wanakumbuka kwamba maji yana njia yake ya zamani na sisi tumejenga katikati. Nimechagua sita, majina nimeyatoa.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wanne hapa Walukuba, Jinja. Mwaka 2011 marehemu mume wangu alinunua ploti huku chini karibu na ziwa, kulikuwa na mafunjo tukamwaga murram tipa kama arobaini hivi, tukajenga vyumba vitatu. Kyapa (hati ya ardhi) tunayo na ina muhuri wa serikali. Wiki mbili zilizopita walikuja watu na kopo la rangi wakapiga X nyekundu ukutani, hawakusema kitu wakaondoka. Mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) anasema nitulie, kyapa ni kyapa. Jirani anasema nianze kutoa mabati usiku. Nimsikilize nani? – *Mama Wanne, Jinja*

JIBU: Pole sana mama. Usimsikilize yeyote kati ya hao kwanza, ngoja tuangalie hiyo kyapa.

Katiba ya 1995, kifungu cha 237, inasema maziwa, mito, vinamasi, misitu ya hifadhi na mbuga za wanyama serikali inavishika kama amana kwa ajili ya wananchi wote. Amana maana yake hata serikali yenyewe si mwenye mali, ni mtunzaji tu, na Sheria ya Ardhi ya 1998 ikarudia hilo hilo, kwamba vitu hivi havigawiwi wala havikodishwi mtu awe wake. Kwa hiyo kyapa iliyotolewa baada ya 1995 juu ya kinamasi iko kwenye mguu mmoja, hata kama muhuri wake unang'aa vipi, na mwaka 2014 baraza la mawaziri lilishaamua kyapa za namna hiyo zifutwe. Ile ya kabla ya 1995 ina hadithi tofauti, haki yake inatambuliwa ingawa kuitumia ardhi bado utabanwa na sheria za mazingira.

Sasa hapa ndio watu wengi wanakosea. Mume wako alinunua 2011, lakini hiyo ni tarehe ya mauzo. Kyapa yenyewe ilizaliwa lini? Ardhi inaweza kuwa imeuzwa mara tano. Nenda ofisi ya ardhi ya kanda hapo hapo Jinja uombe search, watakuandikia nani alisajiliwa kwanza na mwaka gani. Ukiipata hiyo karatasi utajua umesimama wapi, bila hiyo mimi na wewe na mwenyekiti wote tunabahatisha.

Kitu cha pili ni kipimo. Kanuni za vinamasi, kingo za mito na fukwe za maziwa za mwaka 2000 zinataka mita 200 kutoka ukingo wa chini wa maji kwa maziwa makubwa kama Victoria, na mita 100 kwa yale madogo. Mito mikubwa iliyotajwa ni mita 100, mingine yote mita 30. Tofauti yake ni hii: kinamasi chenyewe si chako kabisa, lakini ile sehemu ya mita 200 inaweza kuwa ardhi yako halali, ila huruhusiwi kufanya unachotaka bila NEMA, yaani Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira, kukubali. Wewe umesema kulikuwa na mafunjo. Mama, mafunjo hayaoti penye ardhi kavu. Na mwezi wa tano 2020 nadhani unakumbuka vizuri, ziwa lilipanda mpaka mita 13.42 pale kwenye kipimo cha Jinja, rekodi ya 1964 ikavunjwa, na watu wa kando ya maji walilala kwenye madarasa ya shule. Ile ndio sababu ya mita 200, wala haikuwekwa kuwaudhi watu.

Haya, turudi kwenye X. Rangi ukutani peke yake haitoshi. NEMA ilianzishwa 1995 na sasa inafanya kazi chini ya sheria mpya ya 2019, na sheria hiyo inawapa nguvu ya kutoa amri ya kurudisha mazingira yalivyokuwa. Amri hiyo ni karatasi, ina jina, ina mahali, inasema kosa ni nini na unatakiwa kufanya nini kwa muda gani. Ukipewa unaweza kuomba kwa maandishi waiangalie upya, lakini muda wa kuomba ni wa kuhesabu wiki, sio miezi, kwa hiyo usiiweke chini ya godoro. Wewe hujapewa. Basi andika barua leo: mimi fulani, nyumba yangu iko mahali fulani, tarehe fulani imepigwa alama, naomba kujua alama ni ya ofisi gani na kosa langu ni lipi, na kama kuna amri nipewe kopi. Moja ipeleke NEMA, moja kwa afisa mazingira wa jiji la Jinja, moja ofisi ya RCC (mwakilishi wa Rais jijini). Sheria ya kupata habari ya 2005 inawapa siku 21 za kukujibu.

Na tafadhali, kila ofisi wagonge stempu ya kupokea kwenye kopi YAKO. Nakuambia hivi kwa sababu mimi iliwahi kunikuta, nilipeleka barua ofisi moja (siitaji) kuhusu mtaro uliozibwa nyuma ya kwetu, nikamwachia dada wa mapokezi, akanichekea vizuri sana, miezi minane baadae nikaambiwa hakuna barua kama hiyo haijawahi kufika. Nilikuwa na nini mkononi? Hewa. Siku hizi natembea na kopi mbili na sitoki mpaka nione ule wino wa zambarau umekauka.

Mwisho nikuambie ukweli usiopendeza. Kama search itaonyesha kyapa ni ya baada ya 1995 na pale ni kinamasi kweli, nyumba hiyo kuiokoa ni ngumu. Barua zitakupa muda wa kutoa mali yako kwa heshima, mchana, badala ya kuamshwa na greda kama tulivyoona kwenye kinamasi cha Lubigi mwaka 2024. Kuhusu pesa, aliyewauzia aliuza kisicho chake na anaweza kudaiwa, ila madai ya mkataba kwa kawaida yanakufa baada ya miaka 6 na nyinyi mmepita, labda ikithibitika ulikuwa udanganyifu mliokuja kuujua juzi. Hilo la wakili. FIDA, chama cha wanasheria wanawake, wanasaidia akina mama bila malipo, waone.

SWALI: Kaveera (mfuko wa plastiki) imepigwa marufuku au haijapigwa? Kila mwaka nasikia imepigwa na kila siku nanunulia nyanya. – *Muuza Chapati, Bombo*

JIBU: Imepigwa, kaka, na imepigwa zaidi ya mara moja. Marufuku ilitangazwa 2007 kwenye bajeti, ikaja kwenye sheria ya fedha ya 2009, na sheria ya mazingira ya 2019 ikarudia: mifuko ya plastiki iliyo chini ya mikroni 30 hairuhusiwi kutengenezwa, kuingizwa wala kuuzwa. Ile nyeusi nyembamba inayochanika ukiweka embe tatu ndio hiyo. Kwa nini bado ipo? Kwa sababu mikroni hazionekani kwa macho, muuzaji sokoni hana kifaa cha kupima, viwanda vina sauti kubwa, na mpaka una njia nyingi za panya. Wewe chapati zako funga kwenye karatasi, zinapumua vizuri pia.

SWALI: Nakaa Kisenyi hapa Kampala, chumba changu kimepakana na vinu vya posho. Zamani walikuwa wanasaga mpaka saa kumi na mbili jioni, sasa wanasaga mpaka saa nane usiku, kitanda kinatetemeka, vumbi la unga liko mpaka kwenye chai. Nikisema naambiwa nihame. Sheria iko? – *Asiyelala, Kisenyi*

JIBU: Iko. Kanuni za kelele zilipotungwa 2003 ziligawa miji kwa maeneo: mahali pa makazi matupu desibeli 50 mchana na 35 usiku, mahali penye mchanganyiko wa nyumba na biashara 55 na 45, na mahali kama kwenu ambapo watu wanaishi juu ya viwanda vidogo 60 mchana na 50 usiku. Usiku wao unaanza saa nne. Kinu kikiwa upande wa pili wa ukuta wa matofali ya nusu, hizo 50 kinazipita kama treni.

Lakini sikushauri uanzie NEMA kwa hili, watakusikiliza ila watakurudisha mjini. Leseni ya kufanya biashara pale inatoka KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, na anayeweza kuwasumbua ni yule anayewapa leseni. Nenda divisheni ya Central, muone afisa afya na afisa mazingira, na usiende peke yako, nenda na majirani wanne watano walioweka sahihi kwa sababu mtu mmoja akilalamika ni mkorofi lakini wakiwa watano ni mtaa. Andika wiki mbili nzima: tarehe, saa waliyoanza, saa waliyozima. Ile programu ya simu ya kupima sauti si ushahidi wa mahakamani, ila afisa akiona namba anaamka kitini na kuja na mashine yake. Vumbi la unga litaje kwa mstari wake mwenyewe, hilo ni suala la afya na kwa uzoefu wangu linawatisha maofisa kuliko kelele.

Alafu jambo dogo. Ongea na mwenye kinu kabla, kwa upole. Wakati mwingine anasaga usiku kwa sababu umeme wa mchana unakatika tu, na mkikubaliana mwisho saa tatu mtakuwa mmemaliza bila ofisi.

SWALI: Shamba langu la mahindi liko Kasese, kijiji kinachopakana na mbuga ya Queen Elizabeth. Tembo saba waliingia usiku wa kuamkia Jumamosi, eka moja na nusu imekwisha. Wazee wanasema hakuna fidia Uganda, mnyama ni wa serikali lakini njaa ni yako. Ni kweli? Na kijana wangu anataka kutega. – *Mkulima, Kasese*

JIBU: Kwanza mzuie kijana, leo hii kabla hujamaliza kusoma. Sheria ya wanyamapori ya 2019 kwa wanyama walio hatarini kutoweka inafika mpaka kifungo cha maisha, na hakimu hataki kusikia habari ya mahindi.

Wazee walikuwa sahihi mpaka juzi juzi. Kwa miaka mingi mtu aliuawa na tembo na familia ikapewa pole na mfuko wa sukari tu. Sheria hiyo hiyo ya 2019 ndio ilileta fidia: Uganda Wildlife Authority, UWA, wanatakiwa kutenga asilimia 2 ya mapato yao kwa mfuko wa fidia, na anayeweza kudai ni aliyeumizwa, familia ya aliyeuawa, au mwenye mali iliyoharibiwa na mnyama aliye kwenye orodha. Tembo yumo. Sharti kubwa, mnyama awe nje ya mbuga. Kama shamba limeingia ndani ya mpaka hata hatua kumi usitegemee kitu.

Sasa wewe fanya hivi, na usilime hapo kwanza, acha nyayo zionekane. Mwite LC1 aje aone aandike, ripoti kituo cha UWA kilicho karibu siku hiyo hiyo, piga picha kinyesi na nyayo na mabua, mwite afisa kilimo wa sub-county akadirie magunia mangapi yamepotea kwa sababu wewe ukisema ishirini watasema kumi. Kuna fomu ya madai na kuna kamati ya kuhakiki. Pesa zinachelewa sana, hilo nisikudanganye, na asilimia 2 ikigawanywa nchi nzima ni kidogo.

Pia kuna ile asilimia 20 ya ada za kuingilia mbugani inayorudi kwa wilaya zinazopakana. Inakuja kwa jina la jamii, mara inajenga darasa, mara zahanati. Kwenye mkutano wa kijiji ombeni iende kwenye handaki au waya wa umeme, au hata mizinga ya nyuki kwenye mpaka, tembo na ukubwa wote ule anamwogopa nyuki.

SWALI: Nauza mkaa hapa Arua. Nililetewa magunia 12, askari wakayashika njiani wakasema Rais amekataza. Wanataka laki mbili wayaachie. Nilipe? – *Hajati wa Mkaa, Arua*

JIBU: Hajati, amri ipo kweli, ni Amri ya Rais namba 3 ya mwezi wa tano 2023, ilikataza kuchoma mkaa wa biashara huku kaskazini, West Nile ikiwemo. Mama anayechoma gunia moja la kupikia nyumbani si yeye aliyelengwa, waliolengwa ni malori ya kwenda Kampala yaliyokuwa yanamaliza miti ya shea (yao) na mibeyo (Afzelia). Magunia 12 ni biashara, hapo huna pa kujificha, na hata bila ile amri mazao ya msitu yanahitaji kibali cha kusafirisha, kutoka NFA (mamlaka ya misitu) kama ni msitu wa hifadhi kuu au afisa misitu wa wilaya kama ni shamba la mtu.

Laki mbili usilipe. Pesa ya serikali Uganda hailipwi mkononi, inatolewa karatasi yenye namba ya malipo ya URA (mamlaka ya mapato), unaenda benki au unalipa kwa simu, unarudi na risiti. Waambie kwa adabu: nipeni hiyo namba nilipe. Wakikupa, una kosa na unalipa faini yako. Wakianza kuangalia pembeni, umeshajua ulikuwa unaongea na nani. Magunia pengine utayapoteza hata hivyo, lakini angalau hujaongeza laki mbili juu yake.

SWALI: Nyie wa magazeti mnatuambia sheria sheria. Mimi nina miaka 58, nipo huku Malaba, maisha yangu yote naona vibanda vya maskini vinavunjwa na ghala la tajiri limekaa kwenye kinamasi hicho hicho. Kuna kiwanda kidogo kinamwaga maji ya rangi kwenye mfereji tunaoteka, ng'ombe wanakataa kunywa. NEMA iko Kampala. Nimshtaki nani mimi? – *Mzee Aliyechoka, Malaba*

JIBU: Mzee wangu shikamoo. Sitabishana na wewe kuhusu vibanda na maghala, na mimi nina macho. Vinamasi vilikuwa asilimia 15.6 ya nchi mwaka 1994, sasa havifiki 10, na hiyo tofauti haikuliwa na watu wenye jembe peke yao. Mwezi wa tisa 2021 ndio NEMA walitangaza hawapokei tena maombi mapya ya miradi ndani ya vinamasi, yaani miaka 26 tangu waanzishwe. Na Kiteezi je? Kila mtu Kampala alijua lile jalala limejaa, lilikuwa mlima, na Agosti 10 mwaka 2024 mlima ukateremka ukawafunika watu 35. Baada ya hapo ndio wakubwa wa KCCA wakafukuzwa kazi.

Lakini swali lako la mwisho, nimshtaki nani mimi, lina jibu zuri kuliko unavyofikiri. Kifungu cha 39 cha Katiba kinakupa haki ya mazingira safi, na kifungu cha 50 kinasema mtu yeyote au chama chochote kinaweza kwenda mahakamani hata kwa haki ya mtu mwingine iliyovunjwa. Huhitaji kuwa wewe ndio umeugua. Kuna kikundi kinaitwa The Environment Action Network walienda Mahakama Kuu mwaka 2001 kwa sababu ya moshi wa sigara wa watu wengine, watu wakacheka, serikali ikajitetea kwamba hawana haki ya kusema kwa niaba ya umma, jaji akasema wanayo. Mwaka 2004 kanuni za kukataza sigara mahali pa watu zikatoka. Na msitu wa Butamira kule Jinja ulipotolewa kwa kampuni ya sukari, shirika la ACODE lilishtaki, na mwaka 2005 mahakama ikasema serikali imevunja ile amana niliyomwambia Mama Wanne hapo juu. Ndio maana mimi nang'ang'ania hilo neno amana.

Kwako wewe bado si wakati wa jaji. Kampala iko mbali lakini afisa mazingira wa wilaya yuko Tororo. Chukua chupa mbili safi za maji ya kunywa, jaza moja juu ya kiwanda na moja chini yake, mbele ya LC1, andika saa na tarehe kwenye chupa. Hayo hayatakuwa kipimo cha maabara, inspekta atachukua yake, ila chupa mbili zikisimama mezani moja nyeupe na moja kama chai ya rangi, afisa hawezi kukuambia urudi wiki ijayo. Barua yako iombe vitu viwili: ukaguzi, na kopi ya cheti cha tathmini ya mazingira cha kiwanda hicho pamoja na kibali cha kumwaga majitaka. Kiwanda chochote cha namna hiyo kinatakiwa kuwa navyo. Kama hakina, hapo una kesi ambayo haihitaji hata chupa. Faini za sheria yetu zinahesabiwa kwa pointi, na kila pointi ni shilingi 20,000, kwa hiyo ukisoma pointi elfu moja usidhani ni pesa ya soda, ni milioni 20.

Umeniuliza pia nyuma ya karatasi kama barua unaweza kuiandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza chako cha shule kimeisha. Andika. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu Katiba irekebishwe 2005, na hapo Tororo kupata afisa asiyekisoma itabidi umtafute. Ila mahakamani bado ni Kiingereza, kwa hiyo mwombe mwalimu mmoja akutafsirie, ziambatanishe zote mbili, na stempu wagonge kwenye zote mbili.